Programu Ina Umri Gani? Safari ya Mbulu na Hanang

Tuliondoka Arusha kwa sababu Fabiani alikuwa amepata kazi benki. Kwa mtu mwingine hiyo ni habari ya kuchinjia mbuzi, lakini kampuni yetu ina watu wawili tu, mimi na yeye, na mmoja akienda benki Dodoma anabaki mtu mmoja na kompyuta mbili. Benki ilimpa hadi Jumatatu awe amejibu. Nikamwomba kitu kimoja: kabla hajasaini huko, twende wote Mbulu na Hanang, kwenye vikundi viwili vilivyokuwa vikiijaribu programu yetu tangu mwanzo wa mwaka. Kimoja tu kikikubali kutulipa kwa mwaka mzima, abaki. Vyote vikikataa, nitamfungia mizigo ya Dodoma kwa mikono yangu mwenyewe. Alikubali haraka mno, nikajua kwamba hata yeye alikuwa anatafuta kisingizio.

Nieleze kwanza tunauza nini, maana hapo ndipo mashaka yote yalipoanzia. Programu yenyewe hatukuitunga sisi. Ni ya kuendesha vikundi: inatunza majina ya wanachama, inatuma ujumbe wa simu kwa wote kwa mara moja, inakumbusha vikao. Ilianzishwa na watu wa nchi za mbali, wakaiacha wazi, yeyote aichukue, aifungue, aone ndani ilivyosukwa, abadilishe atakavyo, mradi naye mabadiliko yake ayaache wazi kwa wengine. Wenye taaluma huiita programu huria. Haiuzwi. Sisi tunauza kazi inayoizunguka: kuiweka kwenye kompyuta ya kikundi, kufundisha watu, kuitengeneza ikigoma, kuibadilisha ifanane na mahali. Nikiwaeleza watu wa mjini biashara hii huwa wananiangalia kwa huruma.

Jumanne asubuhi, Arusha. Shemeji yangu alitukabidhi Suzuki yake huku akituonyesha kila mkwaruzo uliokuwepo tayari, ili tukirudi asituonee wala tusimdanganye. Fabiani alishika usukani. Mimi nilikaa na kompyuta mapajani, chupa ya chai miguuni, na furaha isiyo na sababu yoyote ya maana. Nawaambia ukweli, mtu anayekaribia kufunga biashara akipewa safari huchangamka kuliko mwenye mshahara. Hadi Makuyuni tulikuwa tumemaliza nyimbo zote za kwaya tunazozijua, na baada ya Mto wa Mbu tukaanza kuzirudia kwa maneno yetu wenyewe.

Karatu tuliacha lami, tukashika barabara nyekundu ya kwenda Mbulu. Huko vilima vimelimwa mpaka juu kabisa, nyumba zimetawanyika kila moja na shamba lake, na hewa inapoa kadiri mnavyopanda. Kwao Fabiani ndiko huko. Nilimsikiliza anavyobadilika. Arusha anaongea haraka na kwa ujanja wa mjini, lakini kila tulipopita kijiji akasimama kusalimia mtu, Kiswahili chake kilizidi kupungua mwendo na herufi zikashukia kooni. Nilipomtania alisema ni baridi.

Mbulu, jioni. Tulifikia kwa mama yake, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa vitunguu saumu, yaani mteja wetu wa kwanza. Nilikuwa nimejipa moyo kwa hilo njia nzima. Mtu gani atamnyima mwanawe mkataba? Mama Fabiani alitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akatuuliza habari za njia, za afya, za mvua ya Arusha, kisha akamgeukia mwanawe.

"Dodoma kuna joto?"

"Lipo, mama."

"Afadhali. Utaacha kukohoa."

Nikatazama kikombe changu. Mwenyekiti alikuwa upande wa benki.

Jumatano asubuhi kikundi kilikutana kwenye banda lao la mabati nje kidogo ya mji. Walikuwa akina mama wengi na wanaume wachache, wote wamekalia magunia, mikono inakata mizizi ya vitunguu na kusuka mashada wakati masikio yananisikiliza. Niliwakumbusha kazi ambayo programu ilikuwa imewafanyia: hakuna tena kutembea mlima mzima kuita watu kikaoni. Walikubali kwa vichwa. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikajitia kimbelembele.

"Na programu yenyewe ni ya bure," nilisema. "Hakuna anayewauzia."

Wakapiga makofi. Nilikosea kuyafurahia yale makofi.

"Basi tunashukuru sana," alisema Mama Fabiani. "Iacheni hapo hapo ilipo. Mungu awatangulie safarini."

Nikaeleza upya kwamba programu ndiyo ya bure, ila tunaomba walipie kazi yetu. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliweka kisu chini.

"Binti, ngoja nielewe. Hicho kitu ni cha bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na tukilipie?"

"Hapana, mama, mtalipia kazi yetu."

"Kazi ya kutuletea kitu cha bure."

Hapo nikaliona shimo nililojichimbia. Katika lugha yetu neno bure lina sura mbili, kisicho na bei na kisicho na maana, na sura zote mbili zinaishi nyumba moja. Ukimwita mtu wa bure hujamsifu kwa ukarimu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima, nikawaambia nimewaletea kitu cha bure, kisha nikaomba hela. Nikajaribu kujiokoa kwa neno la wenye taaluma. Nikasema tuache kuiita ya bure, jina lake sahihi ni programu huria.

Mikono yote iliacha kusuka. Hata visu vilisimama.

"Huria," alisema yule mama. "Kama soko huria?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Fabiani alinikanyaga mguu, lakini alichelewa.

"Soko huria tunalijua," alisema mama. "Tuliambiwa sasa kila mtu auze anapotaka. Tukafurahi kama wewe. Wakaja madalali, magunia wakayashonea kofia juu, lumbesa tupu, gunia moja linabeba la pili mgongoni, na bei wakapanga wao. Hiyo programu yako nayo inashona magunia?"

Watu walicheka hadi mashada yakadondoka. Nami nilicheka, sikuweza kujizuia, nilicheka machozi yakanitoka huku mkataba wangu ukifa mbele ya macho yangu. Mama Fabiani alisubiri kelele zitulie, akasimama.

"Mimi kama mama yenu nawapenda," alisema. "Mimi kama mwenyekiti siwezi kuwaambia wanachama walipie kitu ambacho wenyewe mnasema hakina bei. Mkipata namna nyingine ya kukieleza, mrudi."

Wakatujazia nyuma ya Suzuki vitunguu saumu vya zawadi. Kuanzia hapo kila tulipofika watu walijua tumefika kabla hatujashuka.

Alhamisi asubuhi tulianza safari ya Hanang. Tulipoipita njia ya kuteremkia Yaeda Chini, bondeni kwa wafugaji na wawindaji, nilimwomba Fabiani tuchungulie kidogo tu. Alisema akiitazama ile njia anaona sura ya shemeji yangu. Tukanyoosha kwa Dongobesh hadi Haydom, tukala wali na maharage, tukaendelea. Nilipaswa kuwa na huzuni. Kikundi kimoja kimekataa, kimebaki kimoja, na Jumatatu inakuja. Badala yake tulikuwa tumeingiwa na wazimu wa kutafuta neno. Mimi natoa jina la programu, Fabiani analijibu kwa sauti ya mwanakijiji.

"Programu ya wazi," nilisema.

"Wazi kama ofisi ya kijiji? Iko wazi kutwa nzima na ndani hamna mtu."

"Programu ya wote."

"Ya wote kama jembe la shule. Limevunjika na hakuna aliyelivunja."

"Programu ya ushirika."

"Utaulizwa ghala lilikwenda wapi."

"Programu ya hisani."

"Utaulizwa unagombea jimbo gani."

Basotu ilibidi asimamishe gari pembeni ya mashamba ya ngano ili tumalize kucheka. Upepo ulikuwa unaipitia ngano, ziwa linaonekana kwa mbali, na mbele yetu Mlima Hanang umesimama peke yake, umejifunika wingu mabegani. Fabiani alifuta macho. Akasema Dodoma atapewa dawati, tai na kadi ya kufungulia mlango, na kwamba hakuna mtu wa kumuuliza ghala lilikwenda wapi. Hakuwa anacheka tena aliposema hivyo. Nikamwambia angalau vitunguu atakwenda navyo.

Katesh, jioni. Mji umekaa chini ya mlima, kwenye barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Singida, na upepo wake hauna adabu. Tulipata chumba kimoja kimoja nyumba ya wageni, tukaenda kula nyama. Hapo akatufuata Marko, katibu wa kikundi cha josho cha Mogitu. Hao walikuwa wateja wetu wa pili na wa mwisho: wafugaji wanaoendesha josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, na programu yetu ndiyo inayowatangazia siku ya kuogesha. Marko ni kijana mtaratibu, akiwa na habari mbaya hutazama kando.

"Dada Hepi, kesho karibuni," alisema. "Ila wazee wamekasirika kidogo."

"Kwa nini?"

"Afadhali wawaambie wenyewe."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara iliyopita josho lilikuwa tupu."

Nililala na wasiwasi. Josho tupu maana yake dawa imechanganywa na imekaa bila ng'ombe. Maana yake pia programu yetu imewagawa watu badala ya kuwaita.

Ijumaa asubuhi, Mogitu. Siku hiyo haikuwa ya kuogesha, hivyo kikao kilikaa palepale joshoni, kwenye ukuta mfupi wa zizi, wazee kwa akina mama, fimbo zimelazwa magotini. Tulipita tukitoa shikamoo mmoja mmoja, tukaitikiwa, hatukuambiwa karibuni. Mwenyekiti, Mzee Gidamis, ni mtu mrefu mwenye shuka jekundu na simu anayoitunza ndani ya mfuko wa ngozi aliouning'iniza shingoni.

"Wewe umesalimia," aliniambia. "Kumbe unajua."

Akaitoa simu mfukoni, akampa Marko. "Msomee."

Marko alisoma akiangalia chini. "Mambo Gidamis. Josho ni Jumamosi. Usikose."

Nilitamani kuingia ndani ya lile josho. Nilielewa palepale. Ile programu ilitafsiriwa Kiswahili na watu wa kujitolea, na mmoja wao, kijana ambaye hatujawahi kumwona, alipokutana na salamu ya kuanzia aliandika Mambo. Mjini tuliiona mara kumi hata tusiione. Huku imefika kwa mzee mwenye wajukuu, ikamwita jina lake kavu, ikamwambia mambo, halafu ikampa amri.

"Mara ya kwanza nilidhani ni mkwe wangu amelewa," alisema Mzee Gidamis. "Nikapiga hiyo namba nimwonye. Haipokei. Kwa hiyo imenikosea adabu, halafu haipokei simu. Ni nani huyo?"

"Ni kompyuta, mzee," nilisema.

"Haina mkubwa wa kuifundisha?"

Bibi mmoja pembeni yake, Mama Udahema, alisema yeye aliambiwa mambo mara mbili siku moja. Wengine nao wakatoa zao. Hakuna aliyesahau siku ya josho. Walikataa tu kuitwa namna ile, wakawaacha ng'ombe nyumbani na kupe zao. Nikaomba radhi kwa wote, na niliomba kweli, maana nilikuwa nimeona aibu. Fabiani alikwenda kwenye Suzuki, akarudi na kompyuta, akaiweka juu ya ukuta.

"Mzee, naomba tubadilishe sasa hivi," alisema.

"Sasa hivi?" Mzee Gidamis alimtazama. "Si mpaka wenyewe walioitengeneza wakubali?"

"Walishakubali tangu mwanzo. Waliiacha wazi ili mtu akikuta kosa alirekebishe."

Marko aliwaeleza wazee kwamba kikundi kimoja anachokifahamu kilinunua programu iliyofungwa, isiyoruhusu mtu kuigusa ndani, jina la kijiji chao likaandikwa vibaya, na walipolalamika waliambiwa wasubiri toleo jipya. Mpaka leo barua zao zinatoka kijiji kisichokuwepo. Wazee walisogea karibu na ukuta. Fabiani alifungua ndani ya programu, akaliona lile Mambo limekaa kwenye mstari wake, akalifuta. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akaandika Shikamoo, kisha vidole vikasimama.

"Kuna tatizo," alisema. "Miaka ya kuzaliwa ya wanachama ninayo. Nikiiambia itoe shikamoo kwa wakubwa, mkubwa ni nani? Mkubwa kuliko nani?"

"Kuliko yenyewe," alisema Mzee Gidamis.

"Ndiyo, mzee. Lakini yenyewe ina umri gani?"

Nimehudhuria vikao vingi vya programu, vingine vya watu wenye shahada mbili mbili, na sijawahi kusikia swali zuri kuliko lile. Kikao kikalipokea kwa uzito wote. Fabiani, ambaye hajui kudanganya, alikiri kwamba programu ilianzishwa zamani kidogo, Marko akiwa hajazaliwa.

"Basi ni kaka yake Marko," alisema mzee mmoja. "Marko aiamkie."

"Mimi niamkie kompyuta?" Marko aliuliza.

"Jizoeze," wakamwambia.

Marko, kwa heshima zote, aliigeukia kompyuta akasema shikamoo. Haikujibu. Wazee wakasema hapo ndipo mnaona malezi yake. Mimi nilikuwa nimejishika mbavu. Mzee Gidamis akataka kujua wazazi wake ni kina nani, Fabiani akasema ni watu wengi mno, wametawanyika dunia nzima, na wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Hilo boma ni kubwa," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza aliitazama ile kompyuta bila hasira.

Mama Udahema ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema huko ilikotoka wana hesabu zao, yeye hawaingilii. Lakini hapa Mogitu imefika mwaka huu, na imefika hata kusalimia haijui. Asiyejua kusalimia ni mtoto mchanga, hata kama ana ndevu. Kwa hiyo imwamkie kila mtu. Wote wakakubali, na Marko akainua kidevu, maana katika wanachama wote yeye ndiye mdogo, na hakuna aliyewahi kumpa shikamoo.

Fabiani aliandika kwa furaha. Alikuwa amemaliza, anataka kutuma ujumbe wa majaribio, Mzee Gidamis akaweka mkono juu ya ukuta.

"Na nikiitikia, itasikia?"

Fabiani alinitazama, mimi nikamtazama. Siku zote shida yetu kubwa ilikuwa hiyo: tunatuma ujumbe, hatujui nani kaupata. Tuliwahi kuwaomba watu wajibu "ndiyo" au "1", hawakujibu, kwa nini wajibu? Lakini shikamoo haiachwi hewani. Mtu mzima akiamkiwa ataitikia hata akiwa amebanwa na kazi gani. Tulikuwa tumehangaika mwaka mzima kutafuta namna ya kupata jibu, na jibu lilikuwepo ndani ya salamu tangu utotoni mwetu. Fabiani hakusubiri nimwambie. Akaunganisha simu yake na kompyuta, akaandika kwamba yeyote atakayejibu marahaba, jina lake liwekewe alama kuwa habari imemfika.

Tukatuma. Shikamoo Mzee Gidamis. Josho ni kesho asubuhi, Mogitu. Karibu ulete mifugo.

Simu zikalia ukuta mzima, kwenye mifuko, kwenye mikunjo ya mashuka. Kila mtu aliinamia yake. Mzee Gidamis aliandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, hakutaka kusaidiwa. Marko alijibu wa kwanza, na sijawahi kuona mtu akiitikia kwa fahari vile. Mama Udahema aliisogeza simu mdomoni, akaiambia, "Marahaba, mwanangu," akairudisha kwenye kikapu.

"Mama, inabidi uandike," nilimwambia.

"Mimi nimeshaitikia. Kuandika ni kazi ya katibu."

Halafu majibu yakaanza kuingia ya watu wasiokuwepo, walio malishoni huko mbugani. Marahaba. Marahaba mwanangu, hujambo. Maraaba. Malahaba. Fabiani akawa anaifundisha programu kila tahajia inavyoingia. Mmoja aliandika mrahaba, na Fabiani akatangaza kwamba huo ndio mrahaba wa kwanza kampuni yetu kuupata tangu ianzishwe. Mimi peke yangu, ninayejua mrahaba ni malipo ya mtunzi, ndiye niliyeuelewa mzaha ule, nikacheka kwa niaba ya wote.

Kelele zilipopungua, Mzee Gidamis aliuliza hayo tuliyoandika yanakwenda wapi. Nikamwambia tunayarudisha kwa wenzetu wote wanaotumia programu, ili nao wakitaka waiwekee salamu za kwao.

"Na watatulipa?"

"Hapana, mzee. Kama sisi tulivyotumia ya kwao bila kuwalipa."

"Sawa. Kwa hiyo huko ng'ambo wazee wataamkiwa kwa sababu yangu," alisema, akaketi vizuri zaidi.

Kisha akauliza nililokuwa naliogopa tangu Mbulu. Hii kitu tunainunua, au ni ya bure? Sikuwa na neno. Maneno yote tulikuwa tumeyaua barabarani. Nikasema, "Mzee, kwa kweli sijui niseme nini. Programu hainunuliwi. Lakini sisi wawili tukiondoka, hakuna wa kuitazama, na huyu mwenzangu Jumatatu anakwenda Dodoma." Fabiani akajifanya anafuta vumbi kwenye kompyuta.

"Mbona ni jambo dogo," alisema Mama Udahema. "Mtoto hanunuliwi, hilo nani hajui. Lakini si tumesema ni mtoto? Mtoto ana wa kumlea, na anayelea anakula. Tuwalipe malezi."

Ndivyo ilivyoingia kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mkono wa Marko: ada ya malezi ya programu, mwaka mzima, ilipwe kila msimu wa josho. Mzee Gidamis aliongeza sharti kwamba tuje wenyewe kila msimu, waone kama mtoto anakua au amedumaa. Wakanyoosha mikono wote. Mimi nilinyoosha pia, ingawa si mwanachama, na hakuna aliyenikemea.

Jumamosi asubuhi tuligeuza gari kurudi. Mogitu iko njiani kuelekea Babati, na kabla hatujafika tuliona vumbi. Ng'ombe walikuwa wanakuja kutoka kila upande, makundi kwa makundi, mengine yamevuka barabara hadi malori yakasimama. Joshoni walikuwa wanaruka mmoja mmoja ndani ya dawa na kutokea upande wa pili wakichuruzika. Marko alitupungia simu juu ya migongo ya ng'ombe. Hatukuweza kumfikia, tukapiga honi tu.

Babati tulinunua soda, Fabiani akampigia mama yake. Alimweleza kwa Kiiraqw, sikuelewa kitu isipokuwa neno malezi lililokuwa linarudi rudi katikati. Kisha nikasikia kicheko cha mama kutoka upande wa pili. Kwa tafsiri ya Fabiani, alisema hilo anaweza kuwaeleza wanachama, ila hawezi kuahidi kabla ya kikao. Hata leo ninapoandika hakijakaa, msimu wa kuvuna umewabana.

Njia nzima ya kurudi Arusha nilikuwa nalitafakari hilo neno. Miaka yote nimewaeleza watu programu huria kwa maneno ya bei: haina bei, ni ya bure, hakuna anayeuza. Kumbe watu wa Mbulu hawakukataa kulipa. Walikataa kulipa kabla hawajajua nani anafanya nini. Vitu tunavyovithamini majumbani kwetu vingi havinunuliwi, na kila siku tunavigharamia bila kuulizana. Nilikwenda kutafuta wateja, nikarudi nikiwa nimeambiwa kazi yangu inaitwaje.

Jumatatu asubuhi, ofisini. Fabiani alipiga simu Dodoma mwenyewe, akaweka sauti kubwa ili nisikie. Dada wa benki alikuwa mpole. Alisikitika, akauliza kama angependa kueleza sababu.

"Samahani sana, dada," alisema Fabiani. "Nina mtoto mchanga."

"Jamani, hongera. Kazaliwa lini?"

"Ijumaa."

"Basi usimwache, hata mimi nisingemwacha. Na mama yake anaendeleaje?"

Fabiani alinigeukia. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga.

"Hajambo," alisema. "Yupo hapa, anacheka."